Shemeji hasubiri mtu, na goti langu linalia

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Kimara na mume wangu. Nafanya kazi ya hesabu ofisini huko Posta, kwa hiyo wiki nzima maisha yangu ni ya kiti: kwenye mwendokasi nikibahatika siti, mezani mchana kutwa, halafu foleni ya kurudi. Mwaka jana daktari alinipima presha akasema haijafika pabaya, ila niuchangamshe mwili. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliposikia akaniletea baiskeli yake ya zamani, zile za mbio zenye matairi membamba na usukani uliopinda. Yeye alishanunua nyingine. Hakunidai hata mia. Akaniingiza na kwenye kundi lao la Jumamosi, ambalo yeye ndiye kiongozi.

Anti, baiskeli naipenda kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni mwanzo wake. Shemeji ananipitia na pikapu alfajiri, baiskeli nyuma, sisi mbele na AC inapuliza, mpaka Mwenge kundi linapokutana. Tunasalimiana, wanapiga picha moja ya kurusha kwenye grupu, na ikifika saa 11:45 wanawasha. Hakuna cha taratibu. Ni kama tumefukuzwa. Tukifika Lugalo pumzi yangu imeshapanda juu, mapaja yanawaka, na goti la kulia linachoma kwa mbele, hapa chini ya pia ya goti. Kabla ya Mbezi Makonde nimeshaachwa. Nabaki peke yangu na daladala zinazoingia kituoni bila kuangalia nyuma, na malori ya mchanga yanayonipita karibu mpaka baiskeli inayumba.

Cha ajabu, nikishapita Tegeta mwili unafunguka. Pumzi inatulia, miguu inakuwa myepesi, hata goti linapunguza kelele. Nawakuta Bunju wanakunywa chai, na wakati wa kurudi nakaa mbele na vijana wala sichoki. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, wewe ni injini ya dizeli." Nilifurahi, ila injini hiyo inaniaibisha kila Jumamosi asubuhi.

Kuna siku nilijikaza nikasema pale Mwenge, "Shemeji, tungeanza polepole kidogo watu tupashe misuli." Akacheka mbele ya wote. "Shemeji yangu, barabara yenyewe ndiyo inapasha. Na joto lote hili la Dar unataka upashwe nini tena?" Kundi zima likacheka na mimi nikacheka nao, ila nilijisikia vibaya mpaka Bunju. Mwenzetu mmoja akanishauri ninyooshe viungo, basi nasimama kando ya pikapu nauvuta mguu nyuma mpaka kisigino kiguse kalio, nauhesabia dakika nzima, kisha wa pili. Sioni tofauti.

Mume wangu hapendi sana safari hizi. Alikubali kwa sababu ni mdogo wake anayenichukua. Alishasema siku akinisikia nalalamika maumivu, baiskeli itarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo goti nalificha. Nikipanda ngazi akiwepo, najikaza.

Nikimwambia mume aongee na mdogo wake, nitapoteza baiskeli. Nikimwambia shemeji tena, nitaonekana mwanamke mlalamishi asiyejua shukrani. Nikijitoa kundini nikaendesha peke yangu, itakuwa nimemdharau mtu aliyenisaidia, na kusema kweli naogopa kuwa peke yangu gizani. Nikivumilia, goti ndilo hilo. Nifanyeje?

Mama wa Kimara

* * *

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimetulia, kwa sababu mara ya kwanza niliona mambo mawili tu, goti na shemeji. Mara ya pili nikaona ni zaidi: kuna mwili unaochelewa kuamka, baiskeli iliyowahi kuwa ya mtu mwingine, zawadi inayokufunga mdomo, na mume unayemchunga asijue. Vyote umevifunga kifurushi kimoja ukakiandika "kupasha misuli". Tuvifungue polepole.

Tuanze na mwili, maana hapo huna sababu ya kuona haya. Unayoyaeleza si uzee wala uzito. Mtu akiwa amekaa, damu nyingi iko tumboni na kwenye viungo vingine vya ndani, na misuli ya miguu inapata kiasi kidogo. Ukianza kukanyaga kwa nguvu ghafla, misuli inadai hewa ya oksijeni papo hapo, lakini moyo na mapafu vinahitaji dakika kadhaa kufikisha mzigo. Katika pengo hilo misuli inajitafutia nguvu kwa njia ya haraka isiyotumia oksijeni, na hapo ndipo mapaja yanapowaka na pumzi inapopanda. Baadaye damu inafika, misuli inapata joto, na damu yenye joto huiachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Majimaji ya kwenye maungio nayo huwa laini kadiri unavyosogeza mguu. Wewe hali hiyo unaifikia Tegeta. Wenzako wengine pengine wameshaifikia wakiwa Mwenge, na hili nalirudia chini.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni wa safari ya kurudi. Asiye na nguvu hakai mbele na vijana akitoka Bunju. Kama ungeachwa kwenda na kurudi, ningekwambia kundi limekuzidi uwezo na kupasha hakutakusaidia. Haikuwa hivyo.

Sasa shemeji. Utanisamehe, ila kauli yake nusu ina ukweli. Barabara kweli inapasha. Waendeshaji wa kulipwa kwenye mashindano mafupi ya kupambana na saa huonekana wakizungusha pedali juu ya trena, kile kifaa kinachoishika baiskeli isisogee, kabla ya zamu yao, jasho likiwatiririka. Lakini hao hao, siku ya safari ndefu ya barabarani, wengi hawahangaiki na trena. Kwenye Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, msafara hutoka mjini nyuma ya gari la mkurugenzi wa mashindano, polepole, kilomita kadhaa, na hakuna anayeruhusiwa kulipita mpaka bendera ipeperushwe. Ndani ya kilomita hizo miguu inaamka. Kwa hiyo barabara inapasha ikianzwa taratibu. Wewe na shemeji yako mnabishania dakika 15 au 20 za kwanza tu, na ugomvi wa dakika 20 una nafasi ya kusuluhishwa.

Na hilo la joto la Dar? Joto la hewa halipeleki damu kwenye mapaja ya mtu aliyeketi kwenye pikapu yenye AC. Ila nalo lina mantiki kidogo. Januari hadi Machi, alfajiri yenyewe imeshalowa jasho, kupasha kwa muda mrefu kutakuchosha na kukumalizia maji kabla hamjaondoka. Dakika 10 za polepole zinatosha. Juni hadi Agosti, asubuhi zikiwa na ubaridi, ongeza. Kwa hiyo ukimjibu siku moja, usimjibu kwamba hajui kitu.

Kabla hujajibu, hata hivyo, nakuuliza: una hakika goti ni suala la kupasha? Umesema baiskeli ilikuwa yake. Hujasema kama kuna mtu aliyeirekebisha ikufae. Maumivu ya mbele ya goti, chini ya pia, mara nyingi huja kwa mtu ambaye siti yake iko chini mno, au anayesukuma gia nzito miguu ikizunguka polepole. Kama shemeji ni mrefu kuliko wewe na siti ilishushwa kwa kukisia, tena ikashushwa kwa hofu ya kuanguka kama wanaoanza wengi wanavyofanya, basi kila mzunguko wa pedali unalikunja goti kupita kiasi na kulibebesha mzigo. Kupasha kutapunguza makali, lakini chanzo kitabaki.

Jipime nyumbani. Ipeleke baiskeli ukutani, panda ukae sawasawa, mkono mmoja ukutani. Weka kisigino juu ya pedali, uizungushe kinyumenyume mpaka ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe karibu umenyooka bila kiuno kuinama upande. Kama goti bado limekunjika sana, pandisha siti kidogo, kama upana wa kidole hivi, siyo zaidi, uendeshe wiki moja ndipo uongeze. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, ndipo goti libaki na mkunjo mdogo. Kisha ukiwa barabarani hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15. Ukipata 20 hadi 23, gia ni nzuri. Ukipata 15, unasukuma ukuta, teremsha gia hata kama kuna mtu pembeni anakwambia gia nzito hujenga mapaja.

Huko kunyoosha mguu kwa dakika nzima kando ya pikapu, kuache kwa wakati huo. Si dhambi, ila hakupashi kitu, na msuli ukivutwa na kushikiliwa kwa dakika nzima huweza kupungukiwa nguvu kidogo kwa muda, saa ile ile unayoihitaji. Kufanye jioni ukitaka. Pale Mwenge sogea badala ya kusimama: shika mlango wa pikapu, bembeza mguu mbele na nyuma, chuchumaa nusu na kuinuka, tembea ukiinua magoti, panda na kushuka ukingo wa barabara. Watakucheka? Pengine. Baada ya wiki tatu hivi huwa wamezoea na kutafuta kichekesho kingine.

Nilisema nitarudi kwa wenzako. Waulize siku moja, kwa udadisi tu, wanafikaje Mwenge. Nahisi wapo wanaotoka Sinza au Kijitonyama wakiendesha baiskeli kutoka kwao. Hao wamepasha tayari bila kuliita jina hilo, na ndio wanaoona hakuna haja. Wewe unatoka Kimara umekaa, goti limekunjwa, AC inakupiga magotini. Hata ungefanya mazoezi sebuleni kwako kabla ya kuchukuliwa, sehemu kubwa ya faida ingepotelea kwenye hiyo safari.

Hapo naiona njia ambayo hukuitaja. Pikapu inapita Ubungo. Kutoka Ubungo hadi Mwenge kwa Barabara ya Sam Nujoma ni kama kilomita nne, dakika 15 za mwendo wa kuzungumza. Unaweza kumwomba shemeji akushushe hapo na baiskeli yako, uende kwa gia nyepesi, ukikaribia Mwenge uongeze kasi mara mbili tatu kwa nusu dakika, ufike jasho limeanza kutoka. Ombi hilo halimwambii kwamba anaendesha kundi vibaya. Halimpunguzii chochote mbele ya watu. Linahitaji mwondoke nyumbani mapema kidogo, na linahitaji yeye akufuate nyuma taratibu na taa za tahadhari, maana hofu yako ya giza ni ya kweli na sitakwambia uidharau. Saa hiyo bado giza, bodaboda wengine hupita bila taa, na mwanamke peke yake akiwa na baiskeli ya bei anaonekana. Taa nyekundu ya nyuma na koti la kuakisi ni lazima hata akikufuata. Na kama atasema hawezi kukusindikiza, mimi mwenyewe ningesita kuichukua njia hii. Nakuachia uamuzi.

Njia nyingine ni kulizungumzia kundi, kwa namna tofauti na ile ya kwanza. Ile ya kwanza ulisema hadharani, dakika ambayo watu wameshafunga helmeti, ukamwomba kiongozi abadilike mbele ya anaowaongoza. Kiongozi gani angesema "ndiyo" hapo? Alijitetea kwa utani, na utani baina ya mashemeji una ruhusa yake, ila ulikugusa mahali pabaya kwa sababu wewe hukuwa unatania. Mnapokuwa wawili kwenye pikapu mnaweza kuongea kwa sauti nyingine. "Shemeji, nimekuwa naachwa pale Makonde na malori yananipita karibu, naogopa" ni sentensi nzito kuliko "tupashe misuli". Ya pili anaweza kuicheka. Ya kwanza inamhusu yeye, kwa sababu ndiye aliyemwahidi kaka yake kwamba utarudi salama. Unaweza ukaongeza pendekezo: kundi lisitawanyike mpaka Afrikana, baada ya hapo kila mwenye mbio zake aende. Kwa mwendo wa wastani ni kama dakika 20, na wenye hamu ya kukimbia wanabaki na barabara ndefu ya kukimbilia hadi Bunju.

Hatari yake unaijua. Anaweza kukubali Jumamosi ya kwanza, ya pili vijana wakachoka kusubiri, ya tatu mambo yakarudi yalivyokuwa. Au akakubali kwa shingo upande na maneno yakafika kwenye familia kwamba mke wa fulani amekuja kubadilisha kundi la watu. Kwa hiyo angalia kama kuna mwingine anayeachwa. Umeandika kana kwamba wewe ndiye pekee unayeteseka. Sijui kundi lenu, lakini ni nadra nyuma kuwe na mtu mmoja tu. Mkiwa wawili, hata kundi lisipobadilika, hutabaki peke yako na malori.

Kununua trena ya kuzungushia nyumbani kunawezekana, ila kwa tatizo lako hakuna maana, utapanda pikapu ile ile baadaye. Kujitoa kundini nako ni njia halali. Wapo wanaoendesha Masaki, kandokando ya bahari na juu ya Daraja la Tanzanite, kwa mwendo wa utulivu zaidi, japo kutoka Kimara ni mbali na bado utahitaji usafiri. Kinachonitatiza ni sababu uliyotoa ya kutojitoa: kwamba itakuwa dharau. Shemeji alikupa baiskeli ili afya yako itengemae. Sijaona kwenye barua yako mahali aliposema kwamba deni lake ni wewe kukimbizana naye. Inawezekana anayedai hilo ni wewe mwenyewe. Inawezekana pia nakosea, na kwenye familia yenu zawadi huja na masharti yasiyotamkwa. Wewe ndiye unayewajua.

Mume wako ndiye niliyemwacha mwisho, kwa sababu nadhani ndiye unayemwogopa kuliko shemeji. Alisema akikusikia unalalamika maumivu, baiskeli itarudi. Ukimwambia "goti linauma" na kunyamaza, umempa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo ile aliyoiahidia adhabu. Ukimwambia goti linauma, nimegundua siti iko chini, nimeipandisha, nimeomba nishushwe Ubungo nianze taratibu, na lisipotulia kwa wiki tatu nne nitapumzika niende kwa daktari, hapo anasikia mtu anayejisimamia. Hakuna uhakika kwamba atalegea. Lakini kujikaza kwenye ngazi nako kuna mwisho: siku akiona mwenyewe, utakuwa na kazi ya kueleza goti na kueleza kwa nini ulificha.

Ama lipi la kusubiri na lipi la kutosubiri: goti likivimba, likikwama, likikosa nguvu ukisimama, au likikuamsha usiku, usimalize hiyo hesabu ya wiki. Muone daktari, pale Muhimbili kuna Taasisi ya Mifupa, MOI, na wapo wa mazoezi ya viungo. Kifua kikibana, au ukipata kizunguzungu kwenye zile dakika za mwanzo, shuka kwenye baiskeli hapo hapo, uombe msaada na upelekwe hospitali mara moja, hilo halisubiri Jumatatu. Kuushtua moyo kwa nguvu za ghafla si jambo dogo kwa mtu aliyepita miaka 40 na presha yake inachungwa. Umeniandikia kwamba daktari alikupima mwaka jana. Hukuniandikia kama ulirudi. Rudi, na ukienda, mwombe mume wako akupeleke. Njiani mtakuwa wawili tu, na habari za goti zinaweza kuanzia hapo.

Anti